Zamu ya Farasi wa Kaisho

Tangu kaka yangu Deo arudi kutoka vitani Uganda, nyumba yetu ya Bukoba ilipata mlinzi ambaye hatukumwomba. Usiku kucha alikaa kitini nyuma ya mlango. Ukimwambia akalale, anajibu, "Niko zamu." Mkewe Yustina akachoka, akasema hali ikiendelea hivi anarudi kwao Muleba na watoto. Ndipo shangazi yetu wa Kaisho alipotuma neno kwa dereva wa lori la kahawa: mleteni huku, nina farasi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Farasi, Karagwe hii? Hata hivyo nikafunga mizigo.

Alfajiri tulipanda lori, tukakalia magunia matupu. Hadi Kyaka Deo hakusema kitu, na vilima vilipoanza nikaongea kwa niaba yetu wote wawili, kazi ninayoiweza.

Bugene tulishuka kula ndizi na maharage. Mama wa hoteli akauliza tunakokwenda, nikamtajia farasi wa Kaisho. "Aa, kwa yule ng'ombe wa padri," akasema. "Asiye na pembe."

Kaisho tuliingia jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mmekonda?" Aliniambia hayo mimi, ambaye gauni lilinibana tangu Pasaka.

Kesho yake akatupeleka malishoni. Farasi mwekundu alikuwa katikati ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Padri mgeni alimwachia shangazi aliporudi kwao.

"Farasi wakiwa kundi hawalali wote," shangazi alisema. "Mmoja husimama kulinda, wenziwe wakajinyoosha. Mbwenu, sasa, huyu hana wenzake, na ng'ombe hawamshikii zamu. Anasinzia wima tu."

"Tangu lini?" Deo akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu Bukoba.

"Tangu padri aondoke."

Siku za mwanzo farasi alimkimbia. Deo akawa anarudi, anasimama kimya. Mchana mmoja farasi akamnusa koti, akakunja magoti, akajilaza ubavu, akakoroma. Shangazi alinifunika mdomo, maana ananijua. Deo hakusogea mpaka farasi alipoamka.

Farasi akajikung'uta nyasi, akasimama kando yake, masikio juu. Deo akamtazama.

"Haya, zamu yako," akamwambia, akalala majanini, kofia usoni, hadi ng'ombe waliporudishwa zizini. Nililia, sifichi.

Tulikaa huko mpaka mashavu ya Deo yakajaa. Lakini safari ya kurudi nilikuwa na hofu, kwa sababu Bukoba hatuna farasi. Juu ya magunia ya kahawa ndipo nilipoelewa: miaka yote tulimwambia alale, hakuna aliyejitolea kumpokea zamu.

Nyumbani nilimsimulia Yustina. Baada ya chakula Deo alipoelekea kwenye kiti chake, alimkuta mkewe amekwisha kukikalia, kajitanda kanga.

"Nenda kalale," Yustina akasema. "Leo zamu ni yangu."

Deo akaenda. Nilipopita kufunga dirisha, wote wawili walikuwa wakikoroma, yeye kitandani, mlinzi wake kitini.