Radhi Niliyomnyima Shehe

Nakumbuka asubuhi moja ya vita, mwanangu, Shehe wa mtaa wetu wa Buyenzi alipokuja garajini kuniomba radhi. Unajua desturi yetu Waislamu wa hapa Bujumbura: mtu akisafiri mbali hupita nyumba kwa nyumba, asije akaondoka na kinyongo cha jirani. Na safari yake haikuwa ya kwenda Rumonge kununua mawese. Wazee wa dini, mapadri kwa mashehe, walikuwa wameitwa Arusha kuketi na wakubwa wa nchi za nje na wale wenye bunduki, ili vita viishe.

Fundi mwenzangu Juma akampokea kwa utani: "Shehe, huko utuletee amani. Ikikosekana, leta hata pneu, tairi zimetuishia."

Shehe akacheka. Mimi sikucheka. Kaka yangu Hamisi alikuwa ameuawa mtaa wa Kinama, na waliomuua nawajua. Deo kinyozi ndiye aliyeonyesha nyumba. Melchior ndiye aliyepiga risasi. Nawataja hata leo, mdomo haujachoka. Shule niliishia darasa la pili, basi majina nilimsemea binti wa jirani, akaniandikia kwenye karatasi.

"Radhi sikupi, Shehe," nikamwambia. "Kwanza ubebe hii, uisome mbele ya wakubwa."

Akaisoma polepole. "Deo, Melchior na wenzao. Sawa, nitasema. Na Swedi iko wapi?"

Swedi ni mtoto wa mama yangu mdogo. Hamisi alipokufa, yeye alimchoma mama yake Deo ndani ya nyumba, kizee aliyekuwa akituuzia mihogo. Mtaa mzima ulijua.

"Swedi ni wetu," nikasema.

"Apana, mutoto wangu. Mi siwezi kubeba maiti ya upande moja. Watu ya Deo watakuwa pale mbele yangu, watacheka: huyu shehe ana jicho moja. Andika Swedi, nabeba yote."

"Basi usafiri bila radhi."

Nilijua hatasafiri. Ndiyo maana nilisema.

"Niende kuambia watu wasameheane," akasema, "na jirani yangu amenifungia moyo?" Akaketi juu ya tairi bovu, akavua viatu. Gari la kuwapeleka uwanja wa ndege likapiga honi barabarani, padri mmoja akashuka kumwita. Hakuinuka. Likaondoka.

Hasira hasara, mwanangu, ila mwenye hasira huiona hasara ikishafika. Siku nne nilikaza shingo. Siku ya tano nilimwita binti, akaongeza Swedi, na mimi nikatoa radhi. Shehe akayakariri majina yote kama alivyohifadhi Kurani, akaichana karatasi isije ikamuua kwenye bariye, kizuizi cha wanajeshi barabarani. Alipofika Arusha, kikao cha wazee wa dini kilikuwa kimekwisha. Alisema na wachache tu, barazani, wakingoja magari yao.

Aliporudi hakunilaumu. Alisema neno moja: "Walikuwa tayari kusikia. Jana yake."

Labda asingebadilisha kitu. Wakubwa wale nao walikuwa na masikio ya kuchagua. Lakini baada ya hapo walikufa wengi, na hiyo "labda" nimeibeba hadi leo.

Sikuambii usamehe, mimi mwenyewe sijaweza. Nakuambia hivi: waliokuumiza wataje, usimeze majina. Ila mkuki usiwe kwa nguruwe tu. Ukifungua mdomo, taja na wa nyumbani kwako, tena utaje mapema, mtu akiwa bado anasikiliza. Na anayekwenda kukuombea amani, usimfunge mguu kwa uchungu wako, hata uchungu wako ukiwa wa haki.

Mungu akupe ulimi usiomficha ndugu, na moyo usiochelewa. Nenda safari yako, mwanangu. Radhi yangu unayo, sikungojeshi.