Nyasi za Kwetu, Kaloleni

Nilipoolewa Kisumu, nilibeba nyasi za kwetu Nyandarua kwenye gunia lenye unyevu. Nikapanda vipande vyenye mizizi mbele ya nyumba, mtaani Kaloleni, na kumwagilia kila jioni. Zilipotanda nikaota pembe. Nikawafundisha majirani wote kukuza nyasi za milimani kwenye joto la ziwa.

Juzi mama yangu akanitembelea.

"Vua viatu, Mama, ukanyage nyumbani!"

Akakanyaga, akainama, akang'oa jani moja. "Hizi si zetu."

Nikabisha kama wakili. Mama mkwe wangu, mtu wa Asembo tunayeishi naye, akaangalia chini, akasema:

"Zenu zilikauka, nyathina, mwanangu. Kila ukienda soko la Kibuye kuuza nguo, nilikuwa napanda za huku mahali pake. Sikutaka ulie."