Vidole Vilivyosingiziwa

Kiongozi wa bendi alimwambia mpiga gitaa mbele ya wenzake wote, tena huku akitafuna karanga: "Mzee, hapo panapokwaruza ni vidole, vimechoka. Jumamosi lilete gitaa, mpwa wangu atalishika."

Miaka kumi na tisa ya kupiga solo, na kweli fadhila ya punda ni mateke. Mpiga gitaa alirudi nyumbani amefura, akakisukuma chakula kando. Gitaa lilikuwa mali ya bendi, hilo alilijua. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na hakika. Kidole chake cha kati siku hizi kilikuwa kikikaza. Je, kama yule mtovu wa adabu alisema kweli?

Jumamosi asubuhi akatandika gazeti mezani, akavua nyuzi, akainyoosha shingo ya gitaa, kisha akalaza rula ya chuma juu ya vile vyuma vyembamba ambavyo nyuzi hukandamizwa juu yake. Rula ikacheza; vyuma havikuwa sawa. Akavipaka vichwa vyote wino, akabandika msasa kwenye ubao ulionyooka, akasugua. Wino ulifutika kwenye vyuma vya juu, ambako vidole hufika mara chache. Kule chini ukabaki umejificha katika mabonde yaliyochimbwa na nyuzi. Dawa yake ni moja tu: vizima vishushwe hadi vilingane na vilivyolika. Hata hilo lilimkasirisha.

Mkewe akamuuliza kwa nini anawatengenezea watu waliomfukuza. Akajibu kwa mkato kwamba hawatengenezei wao. Basi, mke akasema, akimaliza airudishe stilwaya yake, masufuria nayo yanangoja.

Kusawazisha kulimchukua saa moja. Kazi ilikuwa kuvirudishia umbo la mviringo kwa tupa ndogo, kimoja kimoja, vyote ishirini na kimoja, maana chuma kikibaki bapa sauti hupotea. Kidole cha kati kilipokaza, alikitukana kama jirani mkorofi, akaendelea. Mwisho akavisugua kwa stilwaya mpaka vikang'aa.

Akafunga nyuzi, akapiga kila mahali palipokuwa pakikwaruza. Safi. Wala hakufurahi. Alipandwa na hasira maradufu, kwa sababu alikuwa ameaibishwa bure, na kwa wiki nzima alikuwa ameiamini nusu ya aibu ile.

Mazoezini hakumsalimia mtu. Alichomeka waya, akaupiga ule wimbo wenyewe, kipande kile kile alicholaumiwa, mara mbili. Hakuna kilichokwaruza. Mpiga ngoma akainama kuficha kicheko. Kiongozi akaacha kutafuna.

"Kumbe lilikuwa gitaa," akasema. "Basi mzee, tuyamalize. Endelea kulishika wewe."

Mpiga gitaa akachomoa waya, akauviringisha taratibu, akaliegemeza gitaa kwenye kiti alichoandaliwa mpwa.

"Hili ni lenu, nimewatengenezea," akasema. "Vidole ni vyangu. Naondoka navyo."