Kola Aliyezikwa Akiwa Hai

Mpwa wangu tunamwita Kola, kwa sababu hajazaliwa mtu wa kumshinda kupiga pasi kola ya shati. Kipaji kimetoka upande wetu. Baba yake hata leso ilimshinda kukunja. Kola mwenyewe ni dobi wa hoteli. Chumba chao cha kufulia kiko chini ya ngazi za nyuma, mvuke mtupu, na wanawake waliomo wameshibana hasa. Mmoja akichelewa, wenzake wanasema "yuko chooni" kabla msimamizi hajamaliza kuuliza.

Mwaka jana paa lake lilivuja, mshahara ukiwa bado mbali, akakopa kwenye kampuni inayokopesha watu wanaongoja mshahara. Kuingia huko ni rahisi, hata panya huingia mtegoni bila kubisha hodi. Mwezi wa kwanza alilipa riba tu. Uliofuata, hata riba ikamshinda. Zikaanza simu: "Tutakufunga!" Naye, badala ya kuniuliza mimi ninayeijua mahakama nje ndani (niliwahi kutoa ushahidi kesi ya mbuzi, tukashinda), akazima simu.

Siku mtu wa mahakama alipoleta samansi kazini, Kola alijitupa nyuma ya rundo la mashuka. Mwenzake wa mashine ya kukamulia, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, akadakia, "Huyo? Alishafariki, kaka. Tumemzika sisi wenyewe."

"Poleni sana," akasema yule bwana, akaandika, akaenda zake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwisho wa mwezi Kola akaenda dirishani kwa mhasibu. Kumbe kampuni, ilipoambiwa mdaiwa amekufa, ilikuwa imeiandikia hoteli ikitaka ilipwe kutoka kwenye mafao ya marehemu. Wakubwa wa juu, bila kuteremka ngazi kuuliza, wakausimamisha mshahara.

"Jamani, si mimi huyu hapa?"

"Dada yangu, mimi nakuona. Faili ndiyo haikuoni. Kamalizane na mahakama kwanza; barua ya kampuni inasema kesi ni leo."

Akaja kwangu macho yamemvimba. "Mjomba, nikienda wananifunga. Nisipoenda, watoto watakula nini?"

"Marehemu hafungwi," nikamwambia. "Vaa viatu."

Hakucheka. Njiani sikuitaja kesi ya mbuzi hata mara moja, jambo ambalo ndugu zangu hawataliamini.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Wakili wa kampuni alipomaliza kueleza habari za marehemu, hakimu akauliza kama yupo ndugu yake. Nikajikohoza, tayari kuwaonyesha Kiswahili cha mahakamani. Kola akaniwahi kusimama.

"Mheshimiwa, marehemu ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akangoja kiishe.

"Kwa nini ulijificha?"

"Niliogopa jela."

"Deni si wizi, mama. Hufungwi kwa kuwa huna. Lakini ukijificha, kesi inaamuliwa bila wewe. Mshahara wako ungekatwa, vyombo vyako vingepigwa mnada, na wewe hujasema hata neno. Haya, kwa mwezi unaweza kutoa kiasi gani?"

Kola akataja. Wakili akabenua mdomo. Hakimu akaongeza kidogo, akaifuta riba iliyozidi mapatano, akaamuru hoteli iambiwe kwamba mtu wao yu hai na alipwe. Kisha akavua miwani. "Huyo aliyemdanganya mtu wangu wa samansi, naye nitamwita ajieleze."

Nje nilikuwa na raha ya kutosha kijiji kizima. "Umeona? Mtu akisindikizwa na mimi hashindwi!"

Kola alikuwa ameketi kwenye ngazi za mahakama, anatazama watu wakiingia.

"Mjomba, yule mwenzangu alisema vile kwa kunipenda tu. Na hajawahi kukanyaga hapa."

"Basi atakanyaga."

"Akiogopa atajificha kama mimi. Nakwenda kwake sasa hivi, nimweleze mwenyewe kabla hajaletewa samansi. Siku ya kuitwa nitakuja naye." Akasimama, akajipangusa vumbi. "Na wewe uje. Ila usiseme kitu."

Nikakubali. Nikaona hata hilo la mwisho ni haki yake kuomba.