Bashi ya Kilio na Matofali ya Mama

Habari ya dhoruba ilitufikia Mudzipela, mtaa wetu hapa Bunia, ikiwa na theluji. Jirani yetu, mama mwenye duka la sukari na sabuni, alitumiwa video kwenye simu: mji wa Wazungu, magari yamefunikwa na kitu cheupe mpaka kwenye vioo, mtu anachimba njia ya kutoka mlangoni kwake kwa koleo. Chini yake mtu ameandika kwamba kitu hicho kinakuja Bunia kabla ya Jumapili. Akatuita wote tuone. "Muangalie vizuri," akasema, "hii haiko mvua, iko unga." Kufika mchana muuza mitumba wa kwenye kona alikuwa ameuza makoti yote, hata lile la kijani lisilo na mkono mmoja, ambalo nilikuwa nimelizoea pale kama mkaaji wa mtaa.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko video, lakini ulitosha. Redio ilisema upepo mkali unakuja, pamoja na mvua ya mawe na maji mengi, na mito itajaa. Baadaye shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, akapita nyuma ya pikipiki na kipaza sauti. Alitangaza kwanza kwa Kifaransa, kwa sababu hatari ikitangazwa kwa Kiswahili inaonekana haina cheo. Kisha akarudia kwa lugha yetu: "Raia wote wenye kukaa chini, karibu na mto, wahamie mahali pa usalama!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasukwa nywele akapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake: "Shefu, hapo mahali iko wapi? Utuonyeshe, siye tuende leo leo!"

Mtaa mzima ukacheka. Shefu naye alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni serikali, akampiga dereva begani waondoke. Siye watu wa Ituri tumetafuta mahali pa usalama miaka mingi. Kama pangekuwa karibu hivyo, pangekuwa pameshajaa.

Basi kila mtu akalipokea onyo kwa namna yake. Mchungaji wa kanisa la mbao alitangaza kufunga na kuomba ili dhoruba igeuke, na mkono wake ulionyesha igeukie upande wa mtaa wa Saio, ambako msaidizi wake wa zamani amefungua kanisa lake mwenyewe. Watu wa pikipiki walipandisha bei kwa ajili ya matope ambayo bado hayajakuwa matope. Mama wa duka akaficha chumvi. Ule mtaro wa mbele ya nyumba zetu, uliojaa chupa na mifuko tangu sijui lini, hakuna aliyeugusa. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba uchafu ule ni wa jirani.

Mama yangu hakuangalia simu ya mtu. Yeye alikuwa anaangalia matofali yake. Yalikuwa yamepangwa katikati ya parsele yetu, yaani kiwanja chetu, mabichi, yamepita kimo cha mtu, yanangoja kuni ili yachomwe. Asiyewahi kufyatua matofali aelewe jambo moja: tofali bichi ni udongo uliokubali kukaa sawa kwa muda tu. Mvua kubwa ikilipiga, linarudi kuwa udongo na kwenda zake mtaroni. Mama aliyafyatua kwa mikono yake, asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza samaki wa ziwani, na jioni tena akirudi, kiangazi baada ya kiangazi. Tangu baba afe, miaka ile ya kukimbia vita, tulikuwa watu wa kupanga vyumba: Saio, kisha Mudzipela, kisha Saio tena, mpaka mama akapata parsele hii na kutuweka ndani ya kijumba cha mbao. Alisema hatakufa ndani ya mbao. Na mama yangu akishasema kitu, afadhali ukubali mapema, usijichoshe.

Kwa mvua ya kawaida, majani ya migomba na vipande vya nailoni vinatosha. Kwa upepo ule uliotangazwa, tungekuwa tunawachekesha ndege. Nilikwenda sokoni kutafuta bashi, yaani turubai kubwa. Mfanyabiashara mmoja akaniambia zimeisha kabisa. Aliniambia hivyo akiwa amekalia moja.

Ilibaki bashi ya mtaa. Tuliinunua kwa michango baada ya kilio kimoja ambapo waombolezaji walinyeshewa mpaka wakasahau wanamlilia nani. Ilikuwa ya buluu, pana kama uwanja, na ilikaa chini ya kitanda cha prezida, yaani mwenyekiti, wa komite ya mtaa. Sheria yake ilikuwa moja: inatoka mtu akifa. Zamani waliiazima kwa ndoa, ikarudi na tundu la moto lenye upana wa sahani, na tangu siku ile komite haikutaka tena kusikia habari za furaha.

Prezida mwenyewe alikuwa karani mstaafu. Mpaka leo anasema kama mtu anayegonga mhuri. Mama alikwenda kwake nami nikamfuata, na nyuma yetu wakaja nusu ya mtaa, kwa sababu siku ya onyo hakuna anayefanya kazi.

"Muzee prezida," mama akasema, "naomba bashi. Nifunike matofali yangu mupaka hii mvua ipite."

"Pole mama. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

"Basi bashi haitoke. Bashi iko ya kilio."

"Na pale chini ya kitanda yako, iko inalilia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Prezida akangoja kiishe, kama anavyongoja wimbo wa taifa uishe. "Mama, leo tukitoa kwa matofali, kesho watakuja watu wa mbuzi. Keshokutwa, watu wa kuku."

Hapo kila mtu akawa mwanasheria. Mmoja akasema bashi itolewe nusu. Mwingine akasema labda sheria inaweza kumkubali mtu aliye karibu kufa, na macho yetu yote, Mungu atusamehe, yakaenda kwa muzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akikohoa. "Munaniangalia nini?" akafoka. "Miye sife leo!" Akaondoka kwa mwendo ambao hatujamuona nao tangu Pasaka.

Mama hakucheka. Aliangalia juu, upande wa milima, ambako mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi. Nilimjua, nikaona kitu kinapita usoni mwake. Kisha akasema polepole:

"Bwana yangu alikufa."

 Prezida akakohoa. "Ee mama, pole sana. Lakini ile iko zamani..."

"Iko zamani, ndiyo. Kilio yake ilifanyikia wapi? Weye muzee, ulikaa juu ya kiti gani? Chai yake uliikunywa wapi?"

Nakwambia, watu wote wakaanza kuangalia kuku wanavyochakura. Kwa kweli baba hakuwa na matanga. Alikufa njiani, akazikwa njiani, siye tukaendelea kukimbia. Watu wengi wa mtaa ule walikuwa na mtu wa namna hiyo, na hakuna aliyependa kuulizwa habari za viti.

Prezida akawavuta washauri wake wawili pembeni. Wakanong'ona, wakarudi. "Sheria haisemi mutu akuwe alikufa siku gani," akatamka. "Kwa hiyo komite inatoa bashi. Lakini komite haitambui kilio hii."

Nilichemka. Njia nzima nilikuwa namkemea mama kwa sauti ya chini, kama mwendawazimu. Nilimwambia ni aibu. Nilimwambia amemfanya baba kuwa kamba ya kufungia turubai, na kwamba marehemu si kitu cha kuchezea mbele ya watu wa mitumba. Mama akaniacha nimalize.

"Baba yako alikuwa mutu wa kazi," akasema. "Hawezi kukataa kazi. Uende uteleke chai."

Wanaume wakaleta miti, wakaisimika pale mama alipowaonyesha, yaani pande nne za matofali. Bashi ikapanda juu yake. Na kwa kuwa bashi ya kilio ikishapanda viti vinajileta vyenyewe, viti vikaja. Watu wakakaa kuzunguka lile rundo la udongo kama wanavyokaa kuzunguka jeneza, wengine wakifunika midomo kwa mikono ili wasicheke. Mama wa duka alileta sukari, akainong'oneza familia pole, kisha akauliza kama marehemu anachomwa wiki hii au ijayo. Akina mama wa kwaya ya parokia walifika na vitambaa vyao kichwani. Prezida alifika wa mwisho, akatangaza kwamba amekuja kulinda mali ya komite, si kulia, akachagua kiti kizuri. Hakuangalia juu. Kiti kilikuwa sawasawa chini ya lile tundu la ndoa.

Dhoruba haikupiga hodi. Upepo ulikuja kwanza, ukabeba majani yote ya migomba ya mtaa na bati la mtu. Halafu mvua ya mawe, Yesu Maria! Ilipiga ile bashi mpaka kwaya ikaimba kwa mdomo tu, sauti haisikiki. Wanaume waliacha viti wakakumbatia miti. Mvua ikaanza kuingia kwa ubavu, na mama wa duka, ambaye dakika chache kabla alikuwa anatucheka, akasimama upande wa upepo, akatandaza kitenge chake kwa mikono miwili, akapiga kelele: "Mukuje hapa! Tofali zinalowa!" Wakasimama naye bega kwa bega, kwaya, watu wa pikipiki, hata yule aliyenunua lile koti la kijani la mkono mmoja. Mgongo kwa mvua, uso kwa matofali. Prezida alikuwa ameshika kamba, na maji ya lile tundu yalikuwa yanashuka juu ya kofia yake bila kukosea. Hakuiachia.

Tulipochungulia nje, ardhi yote ilikuwa nyeupe kwa mawe.

"Si niliwaambia?" mama wa duka akasema, maji yakimtoka puani. "Unga!"

Tulicheka mpaka miti ikayumba. Kisha mawe yakaisha, ikabaki mvua peke yake, nzito, iliyonyooka. Watu wakarudi kwenye viti, wamelowa, wanapumua. Na prezida, sijui ni ukarani wake au ni yale maji, akasema maneno ambayo kwetu yanasemwa kwenye kila kilio: "Sasa mwenye kilio atuelezee. Marehemu alikufa namna gani?"

Watu wakatabasamu. Walidhani mama atasema kitu cha kuchekesha, na mimi pia. Mama alikuwa amesimama, kiganja chake juu ya tofali.

"Alikufa na homa," akasema. "Mu barabara ya ziwa. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii. Tulikuwa na kipande moja tu ya bashi, nikamufungia mule ndani, watu wakanisaidia kuchimba. Tulimuweka mu shimo. Tukasali Baba Yetu."

 Hakuna aliyetabasamu tena.

"Halafu nikageuka, nikaona watoto wanatetemeka. Yule mudogo midomo yake ilikuwa ya buluu. Nikarudi mu shimo. Nikaitoa ile bashi kwake, nikafunika watoto. Yeye nikamuacha mu maji, bila kitu. Miaka yote hii mvua ikinyesha, kama niko sokoni, kama niko kitandani, namufikiria: analowa." Akapapasa lile tofali, lilikuwa kavu mkononi mwake. "Leo ndiyo siku ya kwanza mvua inanyesha na yeye iko na bashi."

Yule mudogo mwenye midomo ya buluu ni mimi. Ile bashi naikumbuka. Tulikwenda nayo njia yote, nililala ndani yake, nilicheza nyumba-nyumba chini yake tulipofika, na siku zote nilidhani tuliiokota. Niliona haya kwa yote niliyomwambia njiani. Nililia kama mtoto, na mama wa duka alilia kuliko mimi, na wale wa kwaya, na muuza mitumba. Sijui kila mmoja alikuwa anamlilia nani. Naamini wengi walikuwa na wa kwao barabarani.

Prezida akasimama chini ya tundu lake. Alivua kofia iliyokuwa imejaa maji, akaimwaga pembeni, akajinyoosha kama yuko mbele ya ofisi. 

"Komite," akasema mwishowe, "inatambua kilio hii."

Mama akajifuta uso kwa pindo la kitenge, akanigeukia.

"Basi uwape watu chai yake," akasema.