Harufu ya Mombo

Juzi, gerejini kwangu Lushoto, niling'oa dramu za breki za nyuma za gari kuukuu la Baba ili nifunge breki za diski, zisizochemka upesi. Vumbi jeusi liliponipanda puani, nikarudi utotoni, alasiri moja tukiteremka mlima kwenda Mombo.

Kila kona Baba alikanyaga breki, na harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Mimi nilijua kabisa kuwa hiyo ni harufu ya Mombo: mji wa joto lazima unuke hivyo. Mama, kwenye kiti cha mbele, akaacha kuimba pambio lake. Baba akaegesha kando ya mto, akaweka jiwe mbele ya tairi.

"Tule plamsi kwanza," akasema taratibu.

Nilikula matunda yale mekundu mpaka kidevu kikanata. Baba alishika moja tu, akiigeuzageuza.

Jana nilimteremsha Baba kwa gari lile lile. Breki zilishika sawasawa, wala hazikunuka. Tulipofika mtoni akaniambia nisimame.

"Baba, breki hizi hazichemki."

"Najua, mwanangu. Siku ile niliogopa breki zitagoma, sikumeza hata moja." Akatoa mfuko wa plamsi. "Leo nakula."