Kiti cha Mkosaji

Wifi yangu anafundisha watu wazima Kiingereza, na kwa miaka minane nimesikia masomo yake yote bila kuandikishwa. Chumba changu cha ushonaji na darasa lake vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwombea afya. Lakini somo ninalolijua kuliko yote ni lile la lawama, yaani namna ya kumwambia mtu kwamba jambo alilolifanya jana, au mwaka juzi, hakulifanya inavyopasa.

Somo hilo hulifundisha kwa mtindo wake. Hataki mifano ya kitabuni, ya bwana fulani aliyesahau mwavuli. Huweka kiti kimoja mbele ya ubao, kile chenye mguu uliofungwa waya, na wanafunzi wamekipa jina: kiti cha mkosaji. Kila mtu huja na kosa la kweli alilotendewa. Mwenzake hukaa pale, akajifanya ndiye mkosaji, akaambiwa kwa Kiingereza alichopaswa kufanya. Kanuni ni moja tu: aliyekaa hajitetei. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema "ni kweli," basi.

Mimi mwanzoni niliona ni kuchokoza nyuki.

"Wifi," nilimwambia, "yaliyopita si ndwele."

"Hayo walisema wakosaji, wifi," akanijibu, huku anaendelea kusahihisha madaftari.

Basi nikawa nasikiliza. Fundi mwashi alimlaumu mpaka rangi kwa kutongoja ukuta ukauke. Mlinzi wa benki alimlaumu mwenzake wa zamu aliyekuja asubuhi badala ya jioni. Siku moja mama mmoja, muuguzi mstaafu, alisimama mbele ya kiti akamwambia marehemu mumewe kwamba alipaswa kumuuliza kabla ya kuiuza cherehani yake. Kosa la miaka thelathini hilo. Yule mlinzi aliyekaa kitini akasema "ni kweli" kwa sauti ndogo sana, na mimi huku upande wa pili nikasimamisha mashine yangu.

Mlinzi huyo ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini somo linawapendeza. "Kwa lugha yetu," alisema, "nikitaka kumlaumu mkubwa, kabla sijafungua mdomo namwona shangazi kanikazia macho. Kiingereza hakina shangazi." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe ni shangazi.

Na tena ni shangazi wa mtu mmoja tu, binti wa wifi huyu. Kaka yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliugua wiki tano, na wakati huo binti yake alikuwa chuoni, mbali, kwenye mitihani ya mwisho. Hatukumwambia. Alipoitwa akaja mbio, lakini aliwahi mazishi tu. Tangu siku hiyo hakumkosea mama yake neno hata moja. Ilikuwa shikamoo mama, ndiyo mama, asante mama, adabu ya mgeni aliyefikia kwa watu. Sasa alikuwa amepata kazi ya maabara nchi nyingine, mkataba wa miaka mitatu, na safari ilikuwa Jumapili.

"Akiondoka hivi," wifi aliniambia, "atakuwa ananitumia salamu tu mpaka nife. Mtoto mwenyewe sitampata tena."

Nikamwambia aongee naye. Akasema ataongea. Mwalimu wa lawama mwenyewe, wiki nzima anazungusha maneno!

Alhamisi alisahau miwani nyumbani, binti akamletea darasani. Alikuta somo ni lile lile, kiti kiko mbele. Fundi mwashi, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Mwalimu, leo tumsikie anayekijua Kiingereza sawasawa."

Binti akakataa. Wakamsihi. Akatazama kile kiti, kisha akasema, "Sawa. Lakini mama akae."

Wifi hajawahi kukaa pale. Kazi yake ni kusimama. Lakini wanafunzi walikuwa wanatazama, akakaa na chaki yake mkononi. Mimi nilishafika mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

Binti alisema kwa sauti ya chini, neno baada ya neno. Alisema: ulipaswa kuniambia baba anaumwa. Ulipaswa kuniacha nichague mwenyewe. Mitihani ningeirudia. Baba ningemrudia wapi?

Na wifi yangu, mtu wa miaka ishirini na sita ubaoni, alisema lile analolisema kila siku mwanafunzi akimaliza.

"Vizuri sana. Mwingine?"

Mkono wake ulikuwa umeshaelekea safu ya pili. Hakuna aliyenyanyuka. Nikamwona anasikia alichokisema, na mkono ukabaki hapo hapo hewani. Binti akaiweka miwani juu ya daftari la mahudhurio, taratibu, akatoka. Alinipita mlangoni bila kunitazama.

"Wifi, nimesema nini?" aliniuliza wanafunzi walipoondoka.

"Umempa maksi," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, na sikujua nianze na ipi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao na sketi mbili za binti nilizozikunja pindo. Nilimkuta sebuleni anapiga pasi, sanduku liko wazi sakafuni. Wifi alitoka jikoni amebeba stuli. Akaiweka katikati ya chumba, akakaa, mikono juu ya magoti. Safari hii hakuwa na chaki.

"Niambie tena," alisema. "Kwa lugha yetu. Leo sitoi maksi."

Binti alimaliza mkono mzima wa blauzi kabla ya kuisimamisha pasi. Kisha akasema, na kwa lugha yetu maneno yale yalikuwa marefu zaidi na yaliuma zaidi, maana shangazi alikuwemo ndani yake, amesimama pale na sketi mkononi.

"Nilikuwa napiga simu kila Jumapili, mama. Kila Jumapili unaniambia baba amelala. Jumapili tano! Na mimi nakwambia, mwache apumzike, msalimie akiamka."

Utetezi wa wifi niliujua. Ulikuwa mfupi, tena wa kweli, na ungemtua mzigo wote palepale. Hakuutoa.

"Ni kweli," alisema. "Ulipaswa kuwepo. Mimi nilikunyima."

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. "Mwambie basi na lile..."

"Wifi," alinikatiza, "niliyekaa ni mimi."

Binti akanigeukia. "Kumbe na wewe shangazi ulijua?"

Wifi akanyanyuka, akaisukuma stuli kwangu kwa mguu. Nikakaa na sketi zangu mapajani. Miaka yote ile nilikuwa nasikiliza tu watu wakikaa.

"Nilijua," nikasema. "Ni kweli."

"Nani aliamua nisiambiwe?"

Hiyo haikuwa lawama tena, lilikuwa swali, na swali lina haki ya jibu. Nikamtazama wifi. Akainamisha kichwa, akakubali.

"Baba yako," nikasema. "Alituapisha wote wawili. Alisema, mtoto amalize mitihani kwanza. Na hilo nalo tumekuficha miaka miwili."

Nilinyanyuka, maana niliona kiti hakikuwa changu tena. Binti akaenda nyuma ya mlango, ambako koti la baba yake lilikuwa linaning'inia tangu tulipomzika, akalichukua na kulilaza juu ya stuli. Akasimama mbele yake. Kaka yangu alikuwa mkali. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia amekosea, si mkewe, si mimi dada yake, sembuse mtoto.

"Baba," alisema. "Ungeniambia. Ningekuja."

Kisha akalia, kile kilio ambacho hakukilia mazishini. Mama yake akaenda akamkumbatia kwa nyuma, na binti akamshika mikono, akaikaza. Koti lilikaa kimya pale kitini. Kaka yangu, mtu ambaye kila neno alikuwa na jibu lake, siku hiyo alifuata kanuni. Nami nikaenda kuizima pasi, kwa sababu ilikuwa bado inawaka.